Mengineyo Kwanza

Vijana walioingia ofisi za elimu kata siku hizi wana swali moja. Wananiuliza hata kabla sijamaliza chai waliyonikaribisha: "Madam, ulikuwa unawezaje kuwaweka watu wa manispaa na watu wa kamati ya shule chumba kimoja bila ngumi?" Nawajibu kwamba kuwaweka chumba kimoja haikuwa kazi. Walikuwa wanakaa vizuri tu, wanakunywa soda, wanapigiana makofi. Kazi ilikuwa kusikilizana. Basi nimestaafu, muda ninao, acha niandike. Vyeo na mshahara naviruka, maana havimsaidii mtu anayesoma, na vya kwangu havikunisaidia sana hata mie mwenyewe.

Nilifundisha darasa la kwanza Mtoni miaka mingi, kisha nikahamishiwa kata moja ya pembeni kabisa kuwa afisa elimu. Huko mji unaishia kwenye mashamba ya mihogo na nyumba ambazo hazijapigwa lipu. Kata siitaji, na shule yenyewe nitaiita Bondeni, kwa sababu wahusika wapo hai na namba yangu ya simu wanayo. Mie ni Mngoni wa Songea. Niliposhuka pale na begi langu nikajisemea, haya Leokadia, umezunguka Dar yote na sasa umerudishwa kijijini.

Aliyenikabidhi ofisi ni Mzee Nandonde, mtu wa Masasi, mpole wa sura na mkali wa maneno. Mie nilitegemea mafaili. Mafaili yalikuwepo, yamefungwa kamba ya katani, akayasukuma pembeni. Akainama chini ya meza akatoa mabuti ya mvua, meusi, makubwa, yana tope la mwaka uliopita.

"Hii ndiyo ofisi," akasema.

"Mzee wangu, haya si saizi yangu."

"Utavaa soksi mbili. Sasa sikiliza. Ukifika shule yoyote, usianzie kwa mwalimu mkuu. Anzia chooni. Kwa mwalimu mkuu utapewa kiti na maelezo mazuri. Chooni utaona shule ilivyo. Halafu simama hapo hapo nyuma ya choo, uangalie watoto wanatokea wapi."

Nilidhani ananitania. Nyie mnaosoma mtadhani nami nawatania, lakini jaribuni. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile, sikuwahi kukosa la kujifunza nyuma ya choo.

Nyuma ya choo cha Bondeni kulikuwa na korongo. Wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira ndani yake. Masika yakiingia linajaa maji mekundu yanayokwenda kwa kasi, yanabeba magogo, ndoo, na siku moja niliona kochi zima likipita. Ng'ambo ya korongo kuna mtaa mzima wa watu, na watoto wao wanasoma Bondeni. Barabara ya kuzunguka ipo, ila ni mbali hata kwa mtu mzima mwenye haraka. Kwa hiyo wazazi walilaza gogo la mnazi, na watoto wakawa wanapita juu ya gogo.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Zuhura, mama mwembamba mwenye sauti ya kuita daladala. Alikuwa na utaratibu wake ambao haukuandikwa popote. Siku ya mvua, shule yote ilikuwa haiiti majina. Zuhura anasimama kwenye ukingo wa korongo na mwavuli, anapokea mtoto mmoja mmoja kwa mkono, anahesabu vichwa. Mpaka wa mwisho afike ndipo kengele inagongwa. Kisha ananipigia simu, hasalimii, haulizi habari za nyumbani. Anasema neno moja tu: "Wametimia."

Jamani, sijui nilieleze vipi neno hilo. Nilikuwaga nasikia mvua ikianza kupiga bati alfajiri, usingizi umekwisha. Sinywi chai, sivai, nakaa kitandani nimeshika simu. Ikilia, "Wametimia," ndipo pumzi inashuka. Mchana hofu inaanza upya, kwa sababu walioenda shule lazima warudi kwao. Hivyo ndivyo nilivyoishi masika zangu zote kazini.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Mzee Chande, mchonga vinyago wa zamani kutoka Newala, vidole vina makovu ya patasi. Alikuwa anakaa huko huko Ng'ambo na mjukuu wake, Mwanahawa, mtoto wa darasa la pili, mdogo kuliko begi lake. Mama wa mtoto yuko kazini mbali, babu ndiye kila kitu. Asubuhi za mvua Mzee Chande alikuwa anamfikisha Mwanahawa kwenye gogo, anasimama upande wake, Zuhura upande wa pili, na katikati ni mtoto peke yake, maana gogo halibebi watu wawili. Niliwahi kumwona yule mzee akiwa amesimama pale. Midomo ilikuwa inacheza, nadhani alikuwa anasoma dua.

Sasa mtauliza, manispaa walikuwa wapi? Walikuwa wanakuja, tena mara kwa mara. Walikuwa na mpango wa kutujengea madarasa mapya: wao walete matofali na saruji, wazazi wachimbe msingi kwa nguvu zao. Mpango mzuri kabisa. Aliyeusimamia ni Injinia Shirima, kijana wa Rombo, mtanashati, viatu vimechongoka mbele, ratiba imejaa. Lakini msingi ulikuwa hauchimbwi. Siku ya kuchimba wanakuja wazee wanne na sepetu moja, wanasalimiana, wanaondoka. Kule manispaa wakasema kamati ya Bondeni ni wakorofi. Kamati wakasema manispaa ni viziwi. Mie nilikuwa katikati, kila upande unaniita kuja kunieleza ubaya wa mwenzake, na kila upande unanipa soda. Nilinenepa bure.

Ngoja niwaeleze vikao vyetu vilivyokuwa, maana kisa chote kipo hapo. Mbele kuna meza kuu, ina kitambaa, maua ya plastiki na maji ya chupa. Pale wanakaa wageni wa manispaa. Kamati wanakaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yamegusa kidevu. Ajenda zinajulikana: kufungua kikao, utambulisho, muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mradi, mengineyo, kufunga. Utambulisho peke yake unakula nusu saa, kwa sababu kila mtu lazima asimame, aseme jina, cheo, na kwamba amefurahi sana kuwaona. Taarifa ya mradi ikiisha, mgeni rasmi anaangalia saa. Ana kikao kingine. Tunasimama, tunampigia makofi, gari linaondoka na vumbi lake. Halafu ndipo tunarudi kukaa, Mzee Chande anavaa miwani, anasema, "Sasa, wajumbe, mengineyo."

Mzee Chande alikuwa mtu wa utaratibu kupita kiasi. Alijifunza vikao kwenye ushirika wa wachongaji wao, na kwake kikao kikikosewa hatua moja ni sawa na swala iliyokosewa. Hakuwahi kukatiza taarifa ya mtu. Alisubiri zamu yake, na zamu yake ilikuwa mwisho.

Masika moja simu ya Zuhura ililia mapema kuliko kawaida. Nikajua. Hakusema neno lake. Alikuwa analia, anasema, "Mwanahawa, Madam. Mwanahawa ameteleza."

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka mabuti ya Mzee Nandonde yakinipwaya na mie nikikimbia. Nilimkuta mtoto yuko ofisini amefunikwa khanga, anatetemeka, ana uhai. Alianguka kwenye gogo, maji yakampeleka, na chini kidogo kulikuwa na kijana wa bodaboda amejikinga mvua na pikipiki yake. Akaruka akamdaka begi. Begi kubwa kuliko mtoto, ndilo lililomwokoa. Mzee Chande alikuwa amekaa sakafuni mbele ya mjukuu wake, amemshika miguu. Mtoto ndiye aliyekuwa anasema. Alikuwa anaomba msamaha kwa kupoteza kiatu.

Nilikasirika. Nawaambia ukweli, mie nina hasira, Songea nzima inajua. Nilikwenda moja kwa moja manispaa na tope langu, nikamkuta Injinia Shirima. Nikamwambia yote, na sikusema kwa upole. Yule kijana akasimama, uso umembadilika.

"Madam, korongo gani?"

"Korongo la Bondeni!"

"Nimekwenda Bondeni sijui mara ngapi. Hakuna aliyeniambia kuna korongo watoto wanavuka. Nakuapia."

Nikatoka pale nimechanganyikiwa, nikaenda kwa Mzee Chande. "Shikamoo mzee. Injinia anasema hamjawahi kumwambia habari ya gogo."

"Marahaba. Huyo ni mwongo!" akafoka. "Tumesema mpaka midomo imekauka. Kila kikao nasema kivuko, kivuko, kivuko. Ndiyo maana niliwaambia wazazi wasishike sepetu. Watoto wafe majini halafu tuchimbe msingi wa madarasa ya nani?"

Niliwaamini wote wawili, na hilo ndilo lililonisumbua. Hata mie sikuwahi kumtajia injinia korongo, nikidhani kamati wameshamweleza. Kesho yake nikamuuliza Zuhura, ambaye ndiye katibu wa kamati, "Hebu nikumbushe, hili la kivuko huwa linasemwa wakati gani?"

"Kwenye mengineyo, Madam."

"Na injinia anakuwa wapi?"

Zuhura akaangalia nje, pale gari la manispaa linapoegeshwaga. Kisha tukaangaliana, tukaanza kucheka, kicheko kile kibaya ambacho mtu anacheka akiwa karibu kulia. Miaka yote ile! Watu wenye akili zao, wenye nia njema, tumewasindikiza kwa makofi mpaka kwenye gari kabla ya neno lenyewe kusemwa.

Kikao kilichofuata Zuhura alisoma ajenda kwa ile sauti yake. "Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ajenda ya pili, mengineyo."

Wajumbe wakanyanyua vichwa. Aliyekuwa wa kwanza kupinga si injinia. Alikuwa Mzee Chande.

"Mwalimu, umeruka."

"Sijaruka, mwenyekiti."

"Umeruka! Muhtasari haujasomwa, yatokanayo hatujayapitia. Haya mengineyo ni mengine kuliko yapi?"

Watu wakacheka. Nikasimama. "Mwenyekiti wangu, naomba ruhusa. Mgeni wetu ana kikao kingine baada ya hapa. Hata asiposema, anacho. Kila mgeni anayekuja hapa anacho. Wewe unasema akishaondoka. Leo sema akiwa amekaa."

Mzee akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Utaratibu ni utaratibu, Madam. Halafu sijajiandaa."

"Umejiandaa tangu siku niliyoletwa kata hii, mzee."

Niliona taabu anayopata. Kwa mtu yule, kuvunja mpangilio wa kikao mbele ya wageni ilikuwa aibu ya kweli, na alikuwa anaimeza. Akageukia meza kuu.

"Injinia, mwanangu. Mie nina mjukuu. Mvua ikinyesha nampeleka kwenye gogo, namwachia. Nikimwachia, mikono yangu haina tena la kufanya. Wewe unaniletea madarasa, nakushukuru, Mungu akubariki. Lakini mwanangu, atafikaje humo darasani?"

Injinia hakuandika chochote, hakuangalia saa. Akauliza, "Mzee, ni mbali?"

"Hapo nyuma ya choo."

"Twendeni."

Meza kuu ikabaki na maua yake ya plastiki. Tukatoka wote, kamati, walimu, injinia na viatu vyake. Hatua chache tu kiatu kimoja kikazama kwenye tope, akabaki na soksi. Nikamvulia mabuti ya Mzee Nandonde. Yakamkaa sawasawa! Mie nikabaki peku, na sikujali.

Injinia alisimama penye gogo muda mrefu. Akapiga ukingo kwa kisigino, udongo ukameguka na kuanguka. "Hapa hapajengeki," akasema. "Ukingo unaliwa."

"Hapa ndipo tunapopita siku zote," akasema Mzee Chande.

"Ndiyo maana unaliwa, mzee." Akatuonyesha juu kidogo, penye mawe pande zote mbili. Mzee Chande akabisha, akasema watoto watazunguka, akasema mengi. Kisha akaenda mwenyewe, akayapiga yale mawe kwa fimbo yake kama anavyopiga gogo la mpingo kusikia kama lina ufa. Akarudi amenyamaza, nasi tukajua amekubali.

"Fedha ya madarasa siwezi kuigusa," injinia akasema. "Nikiigusa mtanikosa. Lakini karakana kwetu kuna vyuma vya daraja la zamani, vimelala vinaota kutu. Nikivipatia kibali, nani atachimba?"

Wote tukamtazama Mzee Chande. Akakohoa.

"Sepetu zipo," akasema.

Msidhani ikawa rahisi. Kibali kilichukua muda, na mie nilikaa kwenye benchi la nje pale manispaa mpaka mlinzi akawa ananiletea kahawa. Injinia naye alisumbuana na wakubwa zake kuliko alivyotaka tujue. Lakini vyuma vilipofika, wazazi waliojaa pale sijawahi kuwaona hata kwenye mahafali. Wakachimba misingi ya kivuko, na walipomaliza wakasogea wakachimba na msingi wa madarasa, bila kuitwa. Zege lilipomwagwa, injinia akasema lisikanyagwe mpaka likauke vizuri. Mzee Chande akaleta kiti chake kutoka nyumbani, akakiweka mlangoni mwa kivuko, akakaa hapo kutwa, kila siku, anawafukuza watoto, mbuzi na mie pia.

Ufunguzi ulikuwa wakati wa kiangazi, wiki zangu za mwisho kazini. Mgeni rasmi alichelewa, ana kikao kingine. Utepe ulikuwa umefungwa tangu asubuhi, na watoto wa Ng'ambo wote walishapita chini yake wakiwa wameinama, wamekwenda kusoma. Nilimwambia Zuhura tukifute tu kile kipengele cha kukata utepe. Akanikanya kwamba hizo soda zimeshanunuliwa.

Tangu hapo Bondeni wanaanza na mengineyo, na shule za jirani zimeiga. Bado wanagombana, usinielewe vibaya. Kuna ishu ya madawati, kuna ishu ya uzio, na Mzee Chande mpaka leo anasema yatokanayo wameyadhulumu. Lakini wanagombana wote wakiwa ndani, gari halijawashwa. Kwenu nyie vijana, sina ushauri mkubwa kuliko huo. Na mabuti yako chini ya meza, nimeyaacha.

Kimebaki kitu kimoja. Nilistaafu korongo likiwa kavu. Kivuko kilikuwa hakijaona maji.

Masika ilinikuta nyumbani kwangu Chamazi. Alfajiri nikasikia bati linaanza, kidogo kidogo, halafu kwa nguvu. Usingizi ukakatika vile vile, kana kwamba sijapewa barua ya kustaafu. Nikakaa kitandani na simu. Saa ya Zuhura ikafika. Simu haikulia. Nikajiambia mtandao unasumbua. Nikachemsha chai, ikapoa. Nikaona ule ukingo ukimeguka, nikaona begi. Nikashindwa, nikapiga mwenyewe.

"Shikamoo Madam! Kuna nini, asubuhi yote hii?"

"Marahaba. Mvua, Zuhura! Hujanipigia!"

Nyuma yake nikasikia watoto wanaimba jedwali la kuzidisha, darasa zima, wanapiga kelele kuizidi mvua.

"Yallah, Madam," akasema. "Nimesahau."

"Umesahau kunipigia?"

"Nimesahau kwenda kuhesabu. Nimefika shule nimekuta wameshaingia darasani."

"Na Mwanahawa?"

"Huyo ndiye aliyegonga kengele."

Nikamwambia sawa, kazi njema. Nikaweka simu chini, nikalia kidogo, kilio cha raha. Kisha nikavuta khanga, nikajifunika mpaka kichwani, nikalala tena na mvua ikiendelea kunyesha.